Haki ya Kukosea: Historia ya Kwotabeki Mweusi Marekani

Tarehe 18 Oktoba 1953, jijini Chicago, kocha George Halas wa Chicago Bears alimpumzisha George Blanda, ambaye siku hiyo hakumridhisha, akamwingiza kijana aitwaye Willie Thrower. Thrower alirusha pasi 8. Tatu ziliwafikia wenzake na kuisogeza timu yadi 27, moja ikanaswa na wapinzani wao, San Francisco 49ers. Bears walipoukaribia mstari wa kufungia, Halas alimtoa na kumrudisha Blanda aje amalizie. Msimu ulipokwisha Thrower aliachwa, na hakurusha tena pasi katika ligi ya NFL hadi anaingia kaburini. Dakika zile chache zimemfanya akumbukwe kuwa Mweusi wa kwanza kurusha pasi akiwa kwotabeki katika zama za sasa za ligi hiyo. Simulizi nyingi za historia hii huhesabu watu wa kwanza: wa kwanza kurusha, wa kwanza kuanza mechi, wa kwanza kutwaa ubingwa. Hesabu hiyo ina maana yake, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Thrower alikuwa amekwisha kuingia ndani. Alichonyimwa, yeye na waliomfuata kwa zaidi ya miongo mitatu, ni muda: muda wa kujifunza, kuboronga, kurekebishwa na kujaribu tena. Hoja ya makala haya ni kwamba kasumba dhidi ya kwotabeki Mweusi iliishi kwa kumnyima haki ya kukosea, na ikaanza kudhoofika pale kosa lake lilipoanza kuhesabiwa kuwa lake peke yake.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kwanza kujua nafasi hii ni ya namna gani. Katika futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Kila jaribio ni shambulizi lililopangwa mapema, na karibu kila mara mpira hupitia kwanza mikononi mwa kwotabeki. Yeye ndiye anayewatangazia wenzake 10 mpango, anayesoma jinsi walinzi walivyojipanga, anayeubadili mpango dakika ya mwisho akiona mtego, na anayeamua ndani ya sekunde chache iwapo arushe, akabidhi au akimbie mwenyewe. Soka haina mtu wa namna hiyo. Hata namba 10 hodari anaweza kukaa dakika nyingi bila kuugusa mpira. Kwa sababu hiyo makwotabeki wakubwa hulipwa kuliko wenzao, hubeba lawama kuliko wenzao, na hutazamwa kama sura ya klabu na ya mji mzima. Tena ni kazi isiyojifunzwa kwa siku moja. Wengi walioishia kuwa magwiji walianza kwa misimu ya aibu. Ndiyo maana katika nafasi hii swali la nani avumiliwe ni zito kuliko swali la nani asajiliwe.

Ubaguzi wenyewe haukuanza na kwotabeki. Fritz Pollard, Mweusi aliyetoka Chuo Kikuu cha Brown, alikuwa nyota wa Akron Pros waliotwaa ubingwa wa 1920, mwaka wa kwanza wa ligi ambayo baadaye iliitwa NFL, na mwaka uliofuata alikuwa pia kocha mwenza wa timu hiyo. Wachezaji Weusi wachache waliendelea kuonekana hadi 1933. Kisha, kuanzia 1934 hadi 1945, hakuwapo hata mmoja, na wala hapakuwa na sheria iliyoandikwa; ilitosha wamiliki kuelewana. Mwaka 1946 klabu ya Rams ilihamia Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa Coliseum, uliokuwa mali ya umma. Ilishinikizwa, wanahabari Weusi wakiwa mstari wa mbele, hadi ikawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Klabu ya mwisho kukubali ilikuwa ile ya Washington chini ya George Preston Marshall, mwaka 1962, tena baada ya serikali ya Rais Kennedy kutishia kuinyima uwanja uliojengwa kwenye ardhi ya serikali kuu. Kufikia hapo kila klabu ilikuwa na wachezaji Weusi, na hakuna hata moja iliyokuwa imemkabidhi mmoja wao timu yake kama kwotabeki wa kudumu. Ubaguzi wa mlangoni ulikuwa umekwisha; ule wa ndani ya nyumba ndiyo kwanza ulikuwa unakomaa.

Ubaguzi huu wa ndani uliligawa dimba kwa kipimo cha akili. Kasumba yake ilisemeka kwa sentensi moja: Mweusi amejaliwa mbio na nguvu, Mzungu amejaliwa fikra, utulivu na uongozi. Mwaka 1970 wanasosholojia John Loy na Joseph McElvogue waliandika juu ya mgawanyo wa nafasi katika besiboli na futiboli, wakaonyesha kwamba Weusi walirundikana pembezoni huku nafasi za katikati, zile zinazohitaji kuwasiliana na wengi na kutoa maamuzi, zikiwa za Wazungu karibu zote. Namna mgawanyo huo ulivyojiendesha ni jambo la kutazamwa kwa makini. Kijana Mweusi aliyekuwa kwotabeki wa shule ya sekondari aliambiwa chuoni kwamba angefaa zaidi kuwa mpokeaji wa pasi au mlinzi. Aliyeponea chuoni aliambiwa hivyo na klabu. Kocha wa sekondari, akijua mwisho wa safari, alimbadilishia kijana nafasi mapema kwa nia njema kabisa, ili asipoteze riziki. Kisha mwenye klabu alitazama orodha ya makwotabeki wanaotoka vyuoni, akawaona Weusi wachache, akasema kwamba hao wachache ndio uthibitisho. Uhaba uliotengenezwa kwa mikono ukageuzwa kuwa ushahidi wa maumbile. Mahali pakuu ambapo mnyororo huo ulikatika ni vyuo vya Weusi vya Kusini, kama Grambling cha Louisiana na Tennessee State, kwa sababu huko kila nafasi, ikiwamo ya kwotabeki, ilichezwa na Mweusi na kufundishwa na Mweusi.

Ndiyo sababu mgawo wa wachezaji wa 1968, ule utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, unafundisha mengi. Oakland Raiders walimchagua Eldridge Dickey wa Tennessee State katika duru ya kwanza, wakamchukua Mzungu Ken Stabler katika duru ya pili. Kwa thamani ya karatasini, Dickey ndiye aliyekuwa kwotabeki wa kesho. Lakini aligeuzwa mpokeaji wa pasi, na hakuwahi kurusha hata pasi moja katika mechi ya msimu wa kawaida. Mwaka huohuo Denver Broncos walimchagua Marlin Briscoe katika duru ya 14, wakimtaka awe mlinzi. Briscoe alikuwa mfupi kwa nafasi ya kwotabeki, lakini alijua kusoma mkataba: kabla ya kutia saini alidai apewe siku 3 za majaribio katika nafasi yake. Denver ilikubali, kisha ikampanga kwenye ulinzi. Majeraha yalipoiandama timu, Oktoba 1968, ndipo alipoanza mechi akiwa kwotabeki, na hadi msimu unakwisha alikuwa amerusha pasi 14 zilizozaa bao. Hiyo ilikuwa rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza wa Denver, nayo ilidumu hadi 2024. Mwaka uliofuata klabu ilianza maandalizi bila kumhesabu miongoni mwa makwotabeki wake. Aliomba aachiwe, akaenda Buffalo, akageuzwa mpokeaji wa pasi na kuifanya kazi hiyo vizuri kiasi cha kuchaguliwa miongoni mwa nyota wa ligi, kisha akawa sehemu ya Miami Dolphins waliomaliza msimu wa 1972 bila kupoteza mechi.

Mtetezi wa Denver atasema, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba Briscoe hakuwa sahihi sana: alifikisha pasi 93 kati ya 224, yaani takriban 41 katika kila 100, na pasi 13 zilinaswa na wapinzani. Ni kweli, takwimu hizo si za kujivunia. Lakini ziweke kando ya zile za Terry Bradshaw, Mzungu aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika mgawo wa 1970 na Pittsburgh Steelers. Katika msimu wake wa kwanza Bradshaw alifikisha pasi 83 kati ya 218, yaani 38 katika kila 100. Pasi zake zilizaa mabao 6, na 24 zilinaswa. Kwa kipimo chochote cha uwanjani, mwaka wa kwanza wa Bradshaw ulikuwa mbaya kuliko wa Briscoe. Bradshaw alivumiliwa, akafundishwa, akapigwa benchi na kurudishwa, na mwishowe akaipa Pittsburgh mataji manne ya Super Bowl, fainali ya ligi. Waswahili husema penye kupenda, chongo huita kengeza. Upungufu wa Bradshaw uliitwa uchanga, wa Briscoe ukaitwa mpaka wake. Tukijibiwa kwamba chaguo la kwanza huvumiliwa kwa sababu limegharimu fedha nyingi, hiyo ni hoja ya kweli kwa Bradshaw, lakini haimwelezi Dickey. Naye alikuwa wa duru ya kwanza, naye aligharimu, na hakupewa hata msimu mmoja wa kuboronga.

Pittsburgh hiyohiyo inatupa mfano unaohitaji haki zaidi katika kuuhukumu. Mwaka 1974, wachezaji wengi wakiwa kwenye mgomo, Joe Gilliam wa Tennessee State aliingia kambini na kung'ara, na kocha Chuck Noll akamwanzisha yeye badala ya Bradshaw. Noll hakuwa mtu wa kasumba. Kumwanzisha Mweusi tangu mechi ya kwanza ya msimu kulihitaji ujasiri, na Gilliam alipokea vitisho vya kuuawa. Timu ilicheza mechi 6, ikashinda 4, ikatoka sare 1 na kupoteza 1. Kisha Noll akamrudisha Bradshaw, na Januari 1975 Steelers wakatwaa ubingwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Noll alitaka timu ikimbie zaidi na kurusha kidogo, na taji lilimpa haki. Gilliam naye alizama katika dawa za kulevya, na msimu wa 1975 ukawa wa mwisho kwake katika NFL. Hata hivyo, kilichobaki ni kwamba mtu aliyekuwa na ushindi mara 4 katika mechi 6 alipoteza nafasi kwa mtu aliyekuwa amekwisha kupewa misimu minne. Ubora wa Bradshaw mwaka 1975 ulikuwa tunda la subira iliyoanza 1970. Hatuwezi kulitumia tunda hilo kuthibitisha kwamba mti ambao haukumwagiliwa usingezaa.

James Harris alipata zaidi kidogo, na kisa chake kinaonyesha ukomo wa kiasi hicho. Kocha wake wa Grambling, Eddie Robinson, alimwandaa akijua kabisa kwamba anaandaa kwotabeki wa kulipwa. Harris alikataa kubadilishiwa nafasi, akaporomoka hadi duru ya 8 ya mgawo wa 1969, na Buffalo Bills walipomchukua alianza mechi ya kwanza ya msimu, jambo ambalo hakuna Mweusi aliyewahi kulipata katika nafasi hiyo. Hakudumu huko. Alipata uhai mpya Los Angeles: mwaka 1974 aliiongoza Rams kushinda mechi ya mtoano, akawa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa ligi, na mwaka 1975 timu ilishinda mechi 11 kati ya 13 alizoanza. Majeraha yalimsumbua, lakini hata mwaka 1976, alipokuwa na kipimo cha juu kuliko makwotabeki wote wa kongamano la NFC, moja ya nusu mbili za ligi, aliwekwa benchi kumpisha Pat Haden. Kabla ya msimu wa 1977 kuanza alikuwa ameuzwa San Diego. Mchezaji anayeongoza kongamano lake kwa ubora wa pasi na bado anapoteza kazi hawezi kusemwa amekosa ushahidi. Alikosa watu walio tayari kuamini ushahidi huo kuliko walivyoamini walichokijua tayari.

Hapa ndipo panapojitokeza pingamizi kubwa kuliko yote, tena lenye mantiki. Klabu za NFL zinataka kushinda, wanasema watetezi wa soko. Kama kweli Weusi hawa walikuwa hodari, kwa nini pasitokee mmiliki mjanja mmoja tu wa kuwanunua kwa bei ya chee na kuwashinda wenzake? Jibu la kwanza ni kwamba soko hilo halikuwa soko. Mchezaji hakuchagua mwajiri. Klabu moja ilimchagua na kumshikilia. Fedha za televisheni ziligawanywa sawa kwa klabu zote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hakuna timu inayoshushwa daraja hata ikishika mkia miaka 10. Mmiliki mwenye ubaguzi hakulipa faini yoyote ilimradi majirani zake wote wanabagua kama yeye. Jibu la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu jaribio ambalo watetezi wa soko wanalitaka lilifanyika kweli. Lilifanyika ng'ambo ya mpaka, Kanada.

Mwaka 1951 Cleveland Browns walimchagua Bernie Custis wa Chuo Kikuu cha Syracuse, wakamtaka acheze ulinzi. Alikwenda Hamilton, Kanada, na mwaka huohuo akawa kwotabeki wa kuanza mechi. Sandy Stephens aliyeiongoza Minnesota kutwaa ubingwa wa vyuo wa 1960 na ushindi wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, ya Januari 1962 hakupata klabu ya Marekani iliyomtaka katika nafasi yake, akaenda Montreal. Chuck Ealey alimaliza miaka yake mitatu uwanjani Toledo kwa ushindi wa mechi 35 bila kupoteza hata moja. Mgawo wa 1972 ulipita bila jina lake kutajwa, na mwaka huohuo aliipa Hamilton Grey Cup, kombe la ubingwa wa Kanada. Condredge Holloway, Mweusi wa kwanza kuwa kwotabeki katika kongamano la vyuo vya Kusini-Mashariki, alichaguliwa na New England mwaka 1975 ili awe mlinzi. Alikwenda Kanada na kutwaa Grey Cup akiwa na klabu mbili tofauti. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl ya Januari 1978. Aliona upepo unakovuma, akatia saini Edmonton, na wachezaji 334 wakachaguliwa katika mgawo wa NFL bila yeye kuwamo. Edmonton ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982.

Mtu anaweza kusema Kanada ni ligi ndogo. Ni ndogo kwa fedha, lakini kwa kazi ya kwotabeki ni ngumu kwa namna yake: uwanja ni mpana na mrefu zaidi, na timu ina majaribio matatu tu badala ya manne, kwa hiyo anayeshindwa kurusha hana pa kujificha. Isitoshe, Moon mwenyewe aliufunga mjadala huo. Klabu za NFL zilipozinduka na kushindania saini yake, alijiunga na Houston Oilers mwaka 1984, akacheza NFL misimu 17, akarusha pasi za jumla ya yadi 49,325, na mwaka 2006 akaingizwa katika Jumba la Heshima. Yuleyule aliyepuuzwa akiwa kijana alitosha akiwa mtu mzima, na katikati kuna miaka sita ambayo Kanada ilimpa na nchi yake ilimnyima. Kisa chake kinajibu pia dai kwamba Weusi walihamishwa kwa sababu mbio zao zilikuwa na thamani zaidi kwingine. Moon alisifika kwa mkono wake, akisimama na kurusha mpira mrefu. Harris na Doug Williams, tutakayemwona punde, walikuwa vipande vya watu waliosimama mahali pao wakirusha, si wakimbiaji. Iwapo hoja ilikuwa mbio, wasiotegemea mbio wangeachwa katika nafasi yao.

Williams ndiye aliyelazimisha taifa zima litazame. Kocha msaidizi Joe Gibbs wa Tampa Bay Buccaneers alikwenda Grambling kumtazama, na klabu ikamchagua wa 17 katika mgawo wa 1978. Timu hiyo ilikuwa imepoteza mechi 26 za kwanza za historia yake. Williams aliifikisha kwenye mtoano mara tatu katika misimu minne, kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1982 alilipwa dola 120,000, pungufu ya baadhi ya makwotabeki wa akiba wa klabu nyingine. Alipoomba 600,000, mmiliki Hugh Culverhouse alisimama kwenye 400,000, na Williams akahamia ligi ya USFL. Msimu uliofuata Tampa Bay ilishinda mechi 2 na kupoteza 14, na haikuonja tena mtoano hadi msimu wa 1997. Gibbs, aliyekwisha kuwa kocha mkuu wa Washington, alimwita mwaka 1986 awe wa akiba, na mwisho wa msimu wa 1987 akamkabidhi timu. Yalikuwa majira ya maneno mazito. Aprili 1987 Al Campanis, kiongozi wa klabu ya besiboli ya Dodgers, alidai kwenye televisheni kwamba huenda Weusi wanakosa sifa za kuongoza timu, akauliza ni makwotabeki wangapi Weusi waliopo. Januari 1988 mchambuzi Jimmy Snyder alifukuzwa CBS kwa kudai kwamba Weusi walizalishwa kwa ajili ya misuli tangu utumwani. Wiki mbili baadaye, tarehe 31 Januari, katika Super Bowl, Williams aliumia goti Denver ikiongoza 10 kwa 0, akarudi, na katika robo ya pili pekee akarusha pasi nne za kufunga. Washington, klabu iliyokuwa ya mwisho kumkubali Mweusi, ilishinda 42 kwa 10, naye akawa mchezaji bora.

Ingependeza kusema kasumba ilikufa usiku ule. Ukweli ni kwamba ushahidi mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani, haukutosha, kwa sababu kasumba ilikuwa na njia ya kuumeza: Williams ni wa pekee. Charlie Ward alishinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo wa 1993 na hakuna klabu iliyomchagua. Akaenda kucheza mpira wa kikapu New York Knicks. Mabadiliko ya kudumu yalikuja polepole na kwa sababu zisizo na ushujaa. Vyuo vya Kusini vilivyokuwa vikiwafungia Weusi viliwakabidhi timu zao. Makocha wa sekondari na vyuo walieneza mfumo wa kutandaza wachezaji uwanja mzima, unaompa thamani kwotabeki anayeweza kurusha na kukimbia. Mwaka 1999 watatu, Donovan McNabb, Akili Smith na Daunte Culpepper, walichaguliwa katika duru ya kwanza, na mwaka 2001 Michael Vick akawa Mweusi wa kwanza wa nafasi hiyo kuchaguliwa nambari moja. Mwaka 2011 mkataba mpya wa kazi ukapunguza mno mishahara ya wachezaji wapya: Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alihakikishiwa dola milioni 50, Cam Newton, wa 2011, alipata milioni 22 kwa miaka minne. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi. Gharama ya kukosea ilipungua, na klabu zikaweza kumpa kijana nafasi ya kuboronga bila kujifilisi.

Dalili bora ya mabadiliko naiona kwa mtu aliyeshindwa. JaMarcus Russell, chaguo la kwanza la 2007, alidumu misimu mitatu tu na Raiders na anatajwa miongoni mwa hasara kubwa za historia ya ligi. Enzi za Gilliam, anguko kama hilo lingefunga mlango kwa wenzake wote. Lakini miaka minne baada ya Russell kuchaguliwa, Newton alichaguliwa nambari moja, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Anguko la Russell lilibaki kuwa la Russell, kama lile la Ryan Leaf wa 1998 lilivyobaki kuwa la Leaf na si la Wazungu wote. Februari 2023 Patrick Mahomes na Jalen Hurts walikutana katika Super Bowl ya kwanza yenye makwotabeki Weusi pande zote mbili, na wiki ya kwanza ya msimu wa 2024 Weusi 15 walianza katika nafasi hiyo katika klabu 32.

Je, basi suala limekwisha? Anayejibu ndiyo ana takwimu upande wake, na si haki kuzibeza. Lakini kasumba imeacha mabaki katika taasisi, na mabaki hayo yanaonyesha ilikuwa na kina gani. Kabla ya mgawo wa 2018, Bill Polian, kiongozi wa zamani wa klabu kadhaa, alipendekeza Lamar Jackson awe mpokeaji wa pasi. Jackson alikataa, akachaguliwa wa 32 nyuma ya makwotabeki wanne, na mwaka 2019 akapata kura zote za mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2022 mkataba wa Kyler Murray wenye thamani ya dola milioni 230.5 ulikuwa na kifungu kilichomtaka ajisomee saa nne kwa wiki, kikaondolewa baada ya kelele. Zito kuliko yote, hadi Juni 2021 NFL ilipoahidi kuacha, fidia za wastaafu walioumia ubongo zilikadiriwa kwa vipimo vilivyochukulia kwamba Mweusi huanzia kiwango cha chini cha akili, kwa hiyo ilimlazimu athibitishe hasara kubwa zaidi ili alipwe. Kasumba iliyomtoa Thrower karibu na mstari wa kufungia ilikuwa imehamia kwenye fomu za daktari.

Kwa hiyo usawa hautapimwa kwa Mahomes. Kipaji kama chake hupasua ukuta wowote, na jamii yoyote inaweza kumkubali gwiji bila kubadili fikra zake. Kipimo ni mchezaji wa wastani: iwapo kwotabeki Mweusi asiye nyota anapata msimu wa tatu, kazi ya akiba hadi miaka 35, na kisha kiti katika chumba cha makocha, kama ambavyo Wazungu wa wastani wamepata kwa miaka 100. Katika hili la mwisho safari bado. Byron Leftwich, kwotabeki wa zamani, alisimamia ushambuliaji wa Tampa Bay iliyotwaa Super Bowl ya Februari 2021. Januari 2023, baada ya msimu mmoja mbaya, alifukuzwa kabla ya kupata ukocha mkuu wa klabu yoyote. Kosa moja haliachi mke, ndivyo tulivyofunzwa. NFL imekwisha kuukubali ukweli huo kwa wanaorusha mpira; inabaki kuukubali kwa wanaowaambia waurushe wapi.